Haki za Majimbo na Mtoro wa Racine

Julai 1798 Rais John Adams wa Marekani alipita katika mji wa Newark, New Jersey, akielekea kwao Massachusetts. Wenyeji walimpigia kengele na kufyatua mizinga ya heshima. Mlevi mmoja, Luther Baldwin, alikuwa akijikokota kuelekea kilabuni. Mwenzake akatania kwamba rais ndiye huyo anaondoka, nao wanamfyatulia mizinga makalioni. Baldwin akajibu kwamba kwake yeye ni sawa tu hata wakiyalenga makalio yenyewe. Mwenye kilabu aliyasikia na kuyafikisha kunakohusika. Baldwin alishtakiwa, akatozwa faini na kuwekwa ndani mpaka ailipe.

Sheria iliyomtia hatiani ilikuwa na umri wa siku chache tu. Adams aliitia saini tarehe 14 Julai mwaka huohuo, nayo iliitwa Sheria ya Uchochezi, jina ambalo wanahabari wa Afrika Mashariki hawahitaji kufafanuliwa. Aliyeandika, kutamka au kuchapisha maneno ya uongo na ya kashfa dhidi ya serikali, Kongresi au rais aliweza kupigwa faini ya hadi dola 2,000 na kifungo cha hadi miaka miwili. Ajabu ni kwamba makamu wa rais hakutajwa. Makamu huyo alikuwa Thomas Jefferson, kiongozi wa upinzani. Wewe mtukane utakavyo, sheria haikuwa na habari nawe.

Baldwin alikuwa mlevi tu na kesi yake iliwachekesha watu. Ya Matthew Lyon haikumchekesha mtu. Lyon alikuwa mbunge wa Vermont, mzaliwa wa Ireland, mwenye ulimi mkali. Oktoba mwaka huo alihukumiwa jela miezi minne na faini ya dola 1,000 kwa kumwandika rais vibaya. Wapiga kura wake walimchagua tena angali gerezani.

Jefferson angefanya nini? Kongresi ilikuwa mikononi mwa wapinzani wake, na majaji wa serikali kuu ndio haohao waliokuwa wakiwafunga wahariri. Kilichobaki ni majimbo. Alijifungia akaandika maazimio, na rafiki yake James Madison akaandika mengine. Wote wawili walificha majina yao, maana makamu wa rais kuandika jambo kama lile wakati ule kungeweza kumtia mwenyewe kizimbani. Ya Jefferson yalipitishwa na baraza la kutunga sheria la Kentucky Novemba 1798, na ya Madison yakapitishwa Virginia mwezi uliofuata.

Hoja yao ilikuwa hii. Serikali kuu haikujiumba. Iliumbwa na majimbo kwa mkataba, yaani Katiba, na kupewa kazi chache zilizotajwa. Ikivuka mipaka ya kazi hizo, haiwezi kuwa yenyewe ndiyo hakimu wa kusema kama imevuka, kwa sababu hakuna mshtakiwa anayejiamulia kesi yake. Kwa hiyo majimbo yana haki ya kusema kwamba sheria fulani ni batili.

Nguzo ya hoja hii ilikuwa Marekebisho ya Kumi ya Katiba, yaliyoanza kutumika Desemba 1791. Yaliwekwa ili kuwatuliza watu kama Patrick Henry wa Virginia, ambaye alihofia kwamba serikali mpya ingewameza. Hofu hiyo haikuwa ndogo: Virginia iliikubali Katiba kwa kura 89 dhidi ya 79. Marekebisho hayo yanasema kwamba mamlaka ambayo Katiba haikuyakabidhi kwa serikali kuu, wala haikuyakataza kwa majimbo, yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Watetezi wengi wa haki za majimbo huisoma sentensi hiyo mpaka kwenye majimbo, wakaishia hapo. Wananchi waliotajwa mwishoni wanasahaulika. Historia yote inayofuata ni habari ya usahaulifu huo, maana jimbo nalo ni serikali. Lina polisi wake, jela zake na watoza kodi wake, na mtu anayepigwa virungu hamwulizi askari mshahara wake unatoka hazina gani.

Majimbo mengine hayakuwaunga mkono Jefferson na Madison, na kadhaa yaliwajibu kwa ukali. Lakini uchaguzi wa 1800 ulimaliza kesi kwa njia nyingine. Jefferson alishinda, Sheria ya Uchochezi ikafa yenyewe Machi 1801 muda wake ulipokwisha, naye akawasamehe waliofungwa.

Alipoingia Ikulu, mtu huyuhuyu aliinunua Louisiana kutoka kwa Ufaransa mwaka 1803 kwa dola milioni 15, huku yeye mwenyewe akikiri kwamba haoni mahali Katiba inapompa ruhusa ya kununua nchi. Mwaka 1807 alizuia meli za Marekani kufanya biashara na nchi za nje. Bandari za New England zikalala njaa, na wafanyabiashara wa huko, ambao mwaka 1798 waliyacheka maazimio ya Kentucky, wakaanza kuyasema yaleyale. Kufikia Desemba 1814 wajumbe wao walikutana Hartford, Connecticut, kulalamikia vita na Uingereza na serikali kuu iliyopita kiasi. Walipofika Washington na madai yao, habari za amani na za ushindi wa New Orleans zilikuwa zimeshatangulia. Wakawa kichekesho, na chama chao, kile cha Adams, hakikuinuka tena.

Mpaka hapo hoja hii ilikuwa imeshikwa kwa zamu na kila aliyekuwa nje ya madaraka, na hakuna aliyeumia sana. John C. Calhoun wa South Carolina ndiye aliyeibadilisha sura.

Mwaka 1828 Kongresi ilipandisha ushuru wa forodha kwa bidhaa za kutoka nje ili kuvilinda viwanda vya kaskazini. Wakulima wa pamba wa kusini walinunua vitu vyao vingi kutoka Uingereza na kuuza pamba yao hukohuko, kwa hiyo waliuona ushuru huo kama wizi. Katika hilo walikuwa na hoja, na hata leo mlibertari yeyote, yaani mtu anayeamini kwamba kazi ya serikali ni kumlinda mtu na mali yake kisha ikae pembeni, atakuambia kwamba ushuru ule ulikuwa mbaya. Calhoun, makamu wa rais kama Jefferson kabla yake, naye aliandika kwa siri. Aliichukua hoja ya 1798 na kuitia makali: jimbo moja, peke yake, linaweza kuibatilisha sheria ya nchi nzima ndani ya mipaka yake. Novemba 1832 South Carolina ilifanya hivyo. Ilitangaza kwamba ushuru ule hautalipwa katika bandari zake kuanzia Februari 1833, na kwamba serikali kuu ikitumia nguvu, jimbo litajitoa.

Rais Andrew Jackson hakuwa mtu wa kutishwa. Alitoa tangazo la kuwaonya Wakarolina kwamba kujitoa kwa silaha ni uhaini, akaomba Kongresi idhini ya kutumia jeshi. Calhoun alijiuzulu umakamu. Henry Clay akapatanisha kwa sheria ya kushusha ushuru kidogokidogo, na kila upande ukarudi nyumbani ukidai umeshinda.

Madison alikuwa bado hai, mzee wa miaka 81, amekaa shambani kwake Montpelier akiumwa baridi yabisi. Aliandika barua baada ya barua kukana kwamba maazimio yake ya Virginia yalikuwa na maana ile. Alisema yeye alikusudia majimbo yapaze sauti kwa pamoja na kuirekebisha Katiba, si jimbo moja kujichagulia sheria za kutii. Hakuna aliyemsikiliza. Calhoun naye hakuwa na haja na baraka zake. Katika barua ya faragha ya 1830 alikiri kwamba ushuru ulikuwa tukio tu, na kwamba jambo lenyewe lilikuwa utumwa.

Sasa tuje kwa watoro, ambako hoja hii ilipinduliwa miguu juu.

Katiba ilikuwa na kifungu kinachosema kwamba mtumwa akitorokea jimbo lingine arudishwe kwa bwana wake. Haikusema nani amrudishe. Majimbo ya kaskazini yalianza kutunga sheria za kuwalinda watu weusi wasitekwe ovyo, na mwaka 1842 kesi moja ya Pennsylvania ilifika Mahakama ya Juu. Jaji Joseph Story aliitupa sheria ya Pennsylvania, lakini ndani ya hukumu hiyohiyo aliacha mlango wazi. Alisema kuwarudisha watoro ni kazi ya serikali kuu, na kwa hiyo majimbo hayawezi kulazimishwa kuifanya. Massachusetts iliuona mlango huo mara moja. Mwaka 1843 ilipiga marufuku maofisa wake kumkamata mtoro na jela zake kumfungia.

Wenye watumwa walighadhibika. Watu walewale waliokuwa wakihubiri kwamba serikali kuu iwe ndogo na isiingilie mambo ya majimbo walikwenda Washington kudai serikali kuu yenye mkono mrefu kuliko wowote uliowahi kuonekana. Waliupata Septemba 1850. Aliyeiandika Sheria ya Watoro alikuwa seneta James Mason wa Virginia, mjukuu wa George Mason, yule aliyekataa kuitia saini Katiba mwaka 1787, pamoja na mengine kwa kuwa haikuwa na orodha ya haki za mtu. Babu alidai kesi ya mtu isikilizwe mbele ya wananchi wenzake. Sheria ya mjukuu iliifuta haki hiyo kwa mtu mweusi.

Chini yake, mtu aliyedaiwa kuwa mtoro hakuruhusiwa kutoa ushahidi wake mwenyewe. Hapakuwa na jopo la wananchi. Kamishna mmoja aliamua peke yake, na akimkabidhi mtu kwa mdai analipwa dola 10, akimwachia huru analipwa dola 5. Waliotetea mpango huo walisema karatasi za kumrudisha mtu ni nyingi zaidi. Marshali wa serikali kuu aliweza kumwamuru mpita njia yeyote amsaidie kukamata. Aliyemficha mtoro alikabiliwa na faini ya hadi dola 1,000 na jela ya hadi miezi sita. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Joshua Glover alikuwa mtumwa wa Benammi Garland, mkazi wa St. Louis, Missouri. Alitoroka mwaka 1852 akaenda kaskazini mpaka Racine, mji wa Wisconsin kando ya Ziwa Michigan, akapata kazi katika kiwanda cha kupasua mbao. Usiku wa tarehe 10 Machi 1854 alikuwa kibandani kwake akicheza karata na wenzake wawili. Garland alikuwa amemfuata, na pamoja naye walikuwepo maofisa wa serikali kuu. Waliingia kwa nguvu, wakamwangusha kwa kipigo, wakamfunga pingu na kumtupa kwenye gari la farasi akivuja damu. Hawakuthubutu kumpitisha Racine mjini. Walizunguka naye usiku ule wa baridi hadi Milwaukee, mwendo wa kilomita 40 hivi, wakamfungia katika jela ya wilaya.

Asubuhi telegramu kutoka Racine ilimfikia Sherman Booth, mhariri wa gazeti lililopinga utumwa. Booth alipanda farasi akazunguka mitaa ya Milwaukee akiita watu mkutanoni. Baadaye alikana kwamba alisema wakavunje jela. Alichosema hasa, anajua yeye na farasi wake. Hakimu wa wilaya alitoa hati ya kutaka Glover aletwe mbele yake ili ijulikane anazuiliwa kwa sheria gani, na maofisa wa serikali kuu wakaipuuza. Alasiri meli ya moshi ikashusha watu kama mia moja kutoka Racine, akiwemo mkuu wa polisi wa huko, mkononi ana hati ya kumkamata Garland kwa kosa la kumpiga Glover. Hebu ulione jambo hilo vizuri: kwa sheria ya serikali kuu Glover alikuwa mali iliyopotea na sasa imepatikana, ilhali kwa sheria ya Wisconsin alikuwa mtu aliyeshambuliwa nyumbani kwake na aliyemshambulia anatafutwa. Jioni umati ulichukua boriti, ukavunja mlango wa jela, ukamtoa. Alipitishwa Waukesha, akafichwa nyumba kwa nyumba, na baada ya majuma kadhaa akapanda meli kwenda Kanada. Aliishi huko magharibi ya Toronto hadi alipofariki mwaka 1888.

Booth alikamatwa. Wakili wake, Byron Paine, alikuwa kijana wa miaka 26. Alisimama mbele ya Jaji Abram Smith wa Mahakama ya Juu ya Wisconsin akajenga hoja ya Jefferson upya: Kongresi haikupewa mamlaka ya kutunga sheria juu ya watoro, na hata kama ingepewa, isingeweza kumnyima mtu haki ya kusikilizwa na jopo la wananchi. Jaji Smith alikubali, akamwachia Booth, na Julai 1854 mahakama nzima ikaunga mkono. Kwa hukumu hiyo Sheria ya Watoro haikuwa sheria ndani ya Wisconsin.

Serikali kuu haikukubali. Booth na mwenzake John Rycraft walishtakiwa upya, safari hii katika mahakama ya serikali kuu, na Januari 1855 wakahukumiwa. Booth alipata mwezi mmoja na faini ya dola 1,000. Mahakama ya Wisconsin ikawatoa tena. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoagiza majalada, ile ya Wisconsin ilimwelekeza karani wake asijibu.

Booth mwenyewe hakuwa malaika. Mwaka 1859 alifikishwa mahakamani kwa shtaka la kumharibu msichana wa miaka 14, na jopo likashindwa kuafikiana. Wanaopenda mashujaa wao wawe safi watafute mahali pengine. Mtu wa kuangaliwa katika kesi hii ni Glover, ambaye hakuwahi kupewa nafasi ya kusema neno mbele ya jaji yeyote.

Tarehe 7 Machi 1859 Jaji Mkuu Roger Taney, yuleyule aliyeandika miaka miwili kabla kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, alisoma hukumu ya majaji wote bila mmoja kupinga: mahakama ya jimbo haiwezi kumtoa mtu mikononi mwa serikali kuu. Kisheria, hukumu hiyo ilikuwa imara, na bado ni sheria. Wisconsin ilijibu kwa namna mbili. Siku chache baadaye baraza lake la kutunga sheria lilipitisha maazimio yaliyonakiliwa karibu neno kwa neno kutoka yale ya Kentucky ya 1798. Kisha Aprili wapiga kura wakamchagua Byron Paine kuwa jaji wa mahakama ileile. Hati ya Mahakama ya Juu ilipofika Madison, mji mkuu wa Wisconsin, Paine alijitoa kwa kuwa alikuwa wakili wa kesi hiyo. Majaji wawili waliobaki wakagawanyika mmoja kwa mmoja, na hati haikusajiliwa. Haijasajiliwa hadi leo. Booth alifungwa tena mwaka 1860 katika jengo la forodha la Milwaukee, akatoroshwa, akakamatwa, na mwishowe akasamehewa na Rais James Buchanan Machi 1861, siku mbili kabla Abraham Lincoln hajaapishwa.

Desemba 1860 South Carolina ilijitoa kwenye Muungano na kuchapisha tamko la sababu zake. Anayetaka kujua kama vita ile ilikuwa ya haki za majimbo alisome. Tamko linalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yalitunga sheria za kuzuia watoro wasirudishwe, na linayataja kwa majina, Wisconsin ikiwemo. Kwa maneno mengine, jimbo lililojitenga kwa jina la haki za majimbo lilitoa sababu kwamba majimbo mengine yalizitumia haki zao. Katiba ya nchi mpya waliyoiunda, iliyosainiwa Machi 1861, iliyahakikishia majimbo utumwa na kuyanyima uwezo wa kumzuia mwenye watumwa kupita au kukaa nao. Aprili 1862 nchi hiyo iliwaandikisha watu jeshini kwa lazima, karibu mwaka mzima kabla ya kaskazini kufanya hivyo. Mwaka uliofuata ilianza kutoza wakulima sehemu ya kumi ya mazao yao. Gavana Joseph Brown wa Georgia alilalamika kwamba hiki sicho walichokipigania. Huko Wisconsin, Byron Paine aliacha ujaji mwaka 1864, akavaa sare ya jeshi la serikali kuu.

Katika haya yote alikuwepo mtu mmoja aliyeuona mchezo mapema, naye walibertari wa leo humhesabu miongoni mwa mababu zao. Lysander Spooner alizaliwa Massachusetts mwaka 1808, mwanasheria mwenye ndevu nyingi na fedha kidogo. Mwaka 1844 aliudhiwa na bei ya posta. Barua kutoka Boston hadi New York iliuma, karibu senti 19, basi akafungua kampuni yake ya barua akatoza senti 5 hivi. Serikali ilimwandama kwa mashtaka mpaka akafunga, lakini Machi 1845 Kongresi ilishusha nauli ya barua hadi senti 5 kwa maili 300. Mwaka huohuo Spooner alichapisha kitabu kikubwa kusema kwamba utumwa ulikuwa kinyume cha Katiba. Baadaye aliandika kuwatetea watoro, akaandika juu ya haki ya jopo la wananchi kuikataa sheria dhalimu, na mwaka 1858 akasambaza mpango wa kuwasaidia watumwa waasi.

Halafu vita ilipokwisha akawashangaza rafiki zake. Alisema kusini ilikuwa na hatia ya utumwa, na kaskazini ilikuwa na hatia ya kudai kwamba mtu anaweza kulazimishwa kwa bunduki kubaki chini ya serikali asiyoitaka. Alizikataa pande zote mbili, akatoka hapo akaikataa na Katiba yenyewe, kwa kuwa hakuna mtu aliyeko hai aliyeitia saini. Mimi siwezi kumfuata mpaka huko. Watumwa milioni nne walipata uhuru wao kwa jeshi la serikali kuu, wala hakuna jopo lililokuwa likielekea kuwapa. Lakini Spooner hakuwahi kusema jimbo lina haki. Kwake haki ni za mtu, na jimbo ni genge jingine tu lenye bendera ndogo zaidi.

Warithi wake hawakuwa waangalifu hivyo. Mwaka 1948 Strom Thurmond, gavana wa South Carolina, aligombea urais kwa chama kilichojiita cha haki za majimbo, ajenda yake ikiwa kuwatenga watu weusi. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu cha Columbia, Murray Rothbard, ambaye baadaye angekuwa mwandishi mashuhuri kuliko wote wa walibertari, alimuunga mkono. Mwaka 1957 gavana wa Arkansas alipanga askari wa jimbo mlangoni mwa shule ya Little Rock kuwazuia watoto tisa weusi, na Rais Eisenhower akalazimika kupeleka wanajeshi kuwaingiza darasani. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaja haki za majimbo alieleweka kuwa anasema jambo jingine. Clint Bolick, mwanasheria wa kilibertari, aliandika kitabu kizima mwaka 1993 kuwaonya wenzake kwamba udhalimu wa karibu nao ni udhalimu. Onyo hilo lilichelewa miaka 45.

Kilichodumu ni ule mlango wa Jaji Story. New York iliutumia mwaka 1923, ilipofuta sheria yake ya kusaidia marufuku ya pombe na kuiachia serikali kuu ikakimbizane na walevi peke yake. Mwaka 1997 wakuu wa polisi wawili, wa Montana na wa Arizona, waliutumia kukataa kuwachunguza wanunuzi wa bunduki kwa niaba ya Washington, nao wakashinda kwa kura tano dhidi ya nne. Miji isiyotaka kuwakamata wahamiaji huutumia leo dhidi ya marais wa chama kilekile kilichowashangilia wale wakuu wa polisi. Na wapo walioutumia kwa ajili ya bangi.

California iliruhusu bangi ya dawa kwa kura ya wananchi mwaka 1996. Mwaka 2002 maofisa wa serikali kuu walifika nyumbani kwa mgonjwa mmoja, wakabishana na polisi wa wilaya kwa saa tatu, kisha wakang'oa miche yake 6. Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2005 kwamba walikuwa na haki hiyo. Lakini serikali kuu haina maofisa wa kung'oa kila mche, na majimbo yalipokataa kuisaidia, shughuli ikawashinda. Colorado ilifungua maduka ya bangi tarehe 1 Januari 2014, na zaidi ya majimbo 20 yameifuata. Kwa sheria ya Washington bangi bado ni haramu. Dukani Denver inauzwa kwa risiti, na jimbo linatoza kodi yake.